Safu ya Mikono

Siku waliponiaga, vijana wa masjala walinipa vitenge viwili, saa ya ukutani, na keki ambayo waliimaliza wao wenyewe. Ile saa ilinichekesha. Mtu amehesabu saa za wagonjwa ujana wake wote, leo mnampa saa nyingine aende nayo nyumbani! Lakini kabla sijafika langoni, Neema, binti aliyekalia kiti changu sasa, alinifuata akanishika mkono. Alikuwa na swali la kazi.

"Mama Blandina, samahani. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia akianza kuachishwa, leo saa mbili nje ya mashine, kesho saa nne, zile saa za nje tunazihesabu au tunazitoa?"

Nikamjibu, "Hesabu zote, mpaka atakapotoka asirudi tena."

Akashukuru, akarudi kwenye kompyuta yake. Jibu nililompa ni sahihi, liko hata kwenye mwongozo wao. Ila nilipofika nyumbani nilijiona nimemdanganya, maana jibu sahihi bila sababu yake ni nusu ya jibu. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nani alipandishwa cheo na nani aliruka foleni sitaandika, hayo mnayajua na mengine mnayazidisha. Nitaandika namna nilivyojifunza kazi, na mtu mmoja ambaye nilijifunzia kwake kwa gharama isiyo yangu.

Kazi nilianzia Iringa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na cheti cha shule, viatu vya kuazima na mwandiko mzuri wa kufundishwa na masista. Masjala ya hospitali ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na chini ya dirisha hilo alikaa Mzee Mgaya. Alikuwa Mbena wa kule Njombe, Mlutheri wa kweli, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa kiangazi na masika. Nilipoingia hakuinua kichwa. Alimaliza mstari aliokuwa akiuandika, akakausha wino, ndipo akasema, "Kamwene, binti. Mwandiko wako nimeuona kwenye barua ya maombi. Ni mzuri mno. Tutaupunguza."

Wiki nzima hakunipa kalamu. Alinipa rejesta za zamani nisome tu, na kila jioni ananiuliza: huyu aliingia lini, alitoka lini, alitoka kwa miguu au kwa machela? Baada ya hapo alinipa rula, kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na kitambaa cha kufutia vidole. Akanifundisha kusoma miandiko ya madaktari. "Daktari akiandika vizuri," alisema, "mshuku." Akaniwekea mbele kitabu kinene cha namba za magonjwa, kila ugonjwa na namba yake, dunia nzima namba hizo hizo. Pepopunda ilikuwa 037. Nilizikariri zote kama rozari, na mpaka leo mtu akiniambia mwanawe anaumwa, namba inafika kichwani kabla ya pole. Si jambo la kujivunia.

Mzee Mgaya alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, usikwangue kosa. Likate kwa mstari mmoja wa rula, libaki linaonekana, uandike sahihi juu yake. Ya pili niliipata kwa kukemewa. Siku moja mama mmoja alileta mtoto akiwa amembeba mgongoni kutoka mbali sana, na mtoto alifia mlangoni. Mimi nikaandika pembeni ya rejesta kwamba mama alitembea siku mbili. Mzee Mgaya akachukua rula akapitisha mstari wake mmoja juu ya sentensi yangu.

"Umesikitika, binti, ni vizuri. Lakini onyesha, safu ya kutembea iko wapi?"

"Haipo, mzee."

"Basi. Kisicho na safu hakina nyumba humu. Kitabu si barua."

Nilimpenda mzee yule. Nilipoondoka Iringa niliichukua sheria yake nikaiweka ndani ya moyo mahali pazuri, kama mtu anavyotunza shuka la harusi.

Miaka michache baadaye nilihamia Mbeya, katika hospitali ya misheni ambayo sitaitaja jina, nikapanga chumba Ilomba. Baridi ya Mbeya niliizoea upesi, sisi wa Iringa hatutishwi na ukungu. Kilichonishangaza ni ile mashine. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, zawadi ya watu wa ng'ambo waliokwisha kuichoka. Ilikuwa na mota, mikanda, mfuko wa mpira uliopanda na kushuka, na gia zake, naapa, zilikuwa za baiskeli. Ilipoharibika haikwenda kwa mhandisi. Ilikwenda kwa fundi wa baiskeli pale pale Ilomba, ambaye aliitengeneza vizuri kuliko alivyowahi kuitengeneza baiskeli yangu.

Mashine hiyo ilikaa katika chumba cha giza mwisho wa wodi. Humo walilazwa wagonjwa wa pepopunda, kwa sababu mwanga na kelele huwakamata misuli, mlango ukipigwa tu mwili mzima unakakamaa mpaka pumzi inakatika. Wale waliozidiwa daktari aliwapa dawa ya kulegeza mwili wote, akawatoboa tundu shingoni, akaingiza mpira, na mashine ikapumua badala yao. Mkubwa wa chumba hicho alikuwa Nesi Tusajigwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye ulimi ambao hata madaktari waliuogopa. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya kumwondoa mtu kwenye mashine. Hawakusema kumtoa. Walisema kumwachisha.

"Kama mtoto na ziwa," aliniambia. "Leo unamnyima kidogo, kesho unamnyima kidogo zaidi, mpaka asahau. Ukimkatisha ghafla, mtoto analia. Sasa huyu wa kwetu, dada, ana tundu shingoni. Hana hata sauti ya kulia."

Kazi yangu katika jambo hilo ilikuwa ndogo. Daktari Mwakalinga, aliyekuwa mkuu wa tiba, alichora rejesta maalumu yenye safu tano: tarehe, jina, namba ya ugonjwa, saa za mashine, maoni ya daktari. Kila asubuhi nesi alinipa kipande cha karatasi chenye muda mashine ilipowashwa na ilipozimwa, mimi najumlisha, naandika. Karatasi za wodini zilikuwa za shida wakati ule, vipande vile vilichomwa kila mwisho wa wiki, kwa hiyo rejesta ndiyo iliyobaki kuwa kumbukumbu. Daktari aliipenda. "Saa zikishuka, mgonjwa anapanda," alikuwa akisema, na mimi nilijiona nina mkono katika kupona kwa watu.

Kabula aliletwa kutoka ng'ambo ya Rujewa. Yeye na mumewe Masanja walikuwa Wasukuma, walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutafuta malisho, wakalima na mpunga. Alikanyaga msumari wa mkokoteni, kidonda kikafunga vizuri, akakisahau. Taya lilipoanza kukaza walimpakia kwenye lori la mpunga hadi Igawa, na kutoka Igawa wakapanda basi. Alikuwa na umri kama wangu, miaka ishirini na kitu. Masanja na mama yake Kabula walikuja naye na hawakuondoka. Walilala kibarazani, wakapika uani, wakamuosha mgonjwa wao.

Asubuhi ya kwanza Masanja alinisalimu kwa kupiga magoti kidogo. "Mwangaluka, mayu." Kwao mayu ni mama. Mimi nilikuwa sijaolewa, na Tusajigwe alicheka mpaka akakumbuka kwamba chumba kile hakitaki kelele.

Wiki tatu mashine ilipumua usiku na mchana. Kisha misuli ikaanza kulegea yenyewe bila dawa, Kabula akafumbua macho, akamjua mumewe, na daktari akaanza kumwachisha. Dakika tano, robo saa, nusu saa, mpaka akafika saa mbili kwa siku. Ndipo daktari akaitwa mkutanoni Iringa. Aliacha agizo kwa Tusajigwe: kila siku mwongezee nusu saa nje ya mashine, basi, usizidishe. Nami akaniambia, "Karani, kitabu changu kiwe tayari nikirudi."

Alipoondoka, umeme nao ukaondoka. Si wote, ulikuwa ukija na kwenda, na kila siku ukikaa muda mfupi kuliko jana. Mjini walisema dizeli imechelewa. Jenereta ya hospitali ilikuwa na mafuta ya chumba cha upasuaji tu. Ulipokatika mara ya kwanza Tusajigwe aliuchomoa mpira wa mashine shingoni mwa Kabula, akaunganisha mfuko mweusi wa kubana kwa mkono, akamwita Masanja na mama mkwe wake. Alikuwa nesi mmoja na wodi nzima inamngoja. "Bana, achia, tulia. Bana, achia, tulia," akawafundisha. "Ukichoka, mwite mwenzio kabla hujachoka. Msimwache hata kidogo." Nao hawakumwacha.

Kesho yake kipande cha karatasi kilikuja na maneno mapya nyuma yake: "Kwa mkono, masaa matatu na nusu." Nilikigeuza mara mbili. Niliiangalia rejesta. Tarehe, jina, namba, saa za mashine, maoni. Safu ya mkono haikuwapo. Nakumbuka vizuri nilivyojisikia: nilijisikia fahari. Nilimwona Mzee Mgaya na rula yake. Nikaandika saa kumi na nane za mashine, na zile za mkono nikaziacha kwenye kipande cha karatasi, nacho kikaenda motoni na wenzake. Nilipokutana na Tusajigwe nikamwambia asijisumbue kuziandika, hazina safu.

"Haya, mwenye vitabu vyako," alisema, akakimbilia kwa mgonjwa mwingine.

Katika siku zile niliingia chumba cha giza nikakuta kando ya kitanda kopo la samli lenye punje za mahindi. Sheria ilikuwa wazi, chakula wodini huleta panya. Nikamwambia Masanja alitoe nje mara moja. Alikuwa akibana mfuko, hakuweza hata kunigeukia.

"Si chakula, mayu," alisema polepole.

"Mahindi si chakula?"

Mama mkwe akalichukua kopo, akalifunika kwa kanga, akalisogeza chini ya kitanda. Mimi nikaondoka nikiwa nimetimiza wajibu. Ningeuliza neno moja tu, kama si chakula ni nini, leo nisingekuwa na cha kuandika humu. Lakini karani kijana haulizi, anajua.

Daktari Mwakalinga alirudi asubuhi, vumbi la barabara likiwa bado kwenye nyusi zake. Kabla hajanywa chai alikuja masjala. "Nisomee saa za Kabula."

Nikamsomea: ishirini na mbili, kumi na nane, kumi na tatu, tisa, sita.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Uso wake ukafunguka. "Anaachika vizuri kuliko nilivyotegemea," alisema, akaenda wodini, nami nikamfuata na kitabu kifuani kama shemasi.

Naomba mnielewe, daktari hakuwa mzembe. Alimpima. Alimtoa mashine akamtazama muda mrefu, na Kabula alipumua mwenyewe vizuri, rangi yake nzuri, akambana daktari kidole alipoambiwa abane. Lakini kwa kweli alikuwa akistahimili saa nne kwa siku. Rejesta yangu, yenye saa sita tu za mashine, ilisema anastahimili kumi na nane. Tusajigwe alikuwa Tukuyu msibani, na nesi aliyekuwa zamu alikuwa mgeni wa siku mbili. Daktari na nesi walizungumza Kiingereza. Masanja alisimama ukutani akiwa na shuka lake begani, hakuna aliyemuuliza kitu. Daktari akasema mgonjwa ameachika. Na kwa vile mkanda wa mashine ulikuwa ukilia kwa muda mrefu, akaagiza ipelekwe Ilomba ifanyiwe ukarabati wakati haina mtu. Pikapu ya hospitali ikaondoka nayo saa tatu asubuhi.

Saa tisa alasiri mlango wa masjala ulifunguka bila hodi. Tusajigwe alikuwa ametoka kwenye basi, kikapu bado mkononi, ndizi zikichungulia.

"Nani kamtoa Kabula?"

"Daktari," nikasema. "Saa zilikuwa zimefika sita."

"Sita za nini?"

"Za mashine."

"Na za mikono?"

Alinitazama, akakitua kikapu chini polepole sana.

"Mwe, Blandina. Yule mama na mkwewe wamepumua kwa niaba ya mtu siku nne, wewe umeandika nini? Mikono ya watu si kitu? Ni mapambo?"

Nilimfuata mbio. Kabula alikuwa amechoka, hakuna neno jingine. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi, jasho usoni, midomo imegeuka rangi, macho yake yamekazwa kwa mumewe. Hakuwa na sauti ya kulia. Masanja alikuwa ameshaupata mfuko mweusi mwenyewe, bila kuambiwa, anabana. Daktari alituma mtu Ilomba. Mtu akarudi na habari kwamba mashine iko chini, imefunguliwa vipande vipande, gia ziko kwenye bakuli la mafuta ya taa, na fundi anasema mpaka kesho.

Tulipokezana. Masanja, mama, Tusajigwe, daktari mwenyewe, na mimi. Zamu yangu ilipofika, Masanja alilivuta lile kopo kutoka chini ya kitanda akaliweka karibu na goti langu, na punje kiganjani mwake.

"Ukifika mia, mayu, weka moja."

Ndipo nikajua mahindi yalikuwa ya nini.

Nilibana. Mfuko ule ukiuona ni kitu laini, lakini ukifika themanini dole gumba linawaka, ukifika mia mbili bega halijui kama ni lako. Na huwezi kupumzika hata kukuna pua, kwa kuwa mtu anakutazama na pumzi yake iko kiganjani mwako. Niliweka punje nne nikaomba kupokewa. Mama yule mzee aliweka kumi bila kuomba kupokewa. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani mwangu, na aibu hiyo sikuweza kuiweka popote, ikabidi niendelee tu kungoja zamu.

Kulipokucha kifua kilikuwa kimejaa maji, na homa imepanda. Kabula alifariki saa nne asubuhi. Masanja alikuwa kwenye zamu, na hakuacha kubana, mpaka daktari alipoweka mkono wake juu ya mkono wake. Pikapu ilileta mashine saa sita mchana, ikimeremeta kwa grisi, mkanda haulii tena.

Walimchukua wakamzike kwao Usangu. Siku ile ile nilimpelekea daktari rejesta nikamweleza yote, vipande vya karatasi, safu, na fahari yangu. Alinisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Mimi ndiye niliyechora safu tano," alisema mwishoni. "Na mimi ndiye niliyeusikiliza mstari wa kitabu nikaacha kumuuliza mume. Wewe uliandika ulichoambiwa."

Alitaka kunifariji, nikamshukuru. Lakini hakuna aliyeniambia nizichome zile saa.

Nilimwandikia Mzee Mgaya barua ndefu Iringa, kurasa tatu, nikiuliza kama nimekosea au nimefuata alichonifundisha. Nilitaka anikemee, nadhani, au anitetee, lolote kati ya hayo mawili. Jibu lilikuja kwenye nusu karatasi, mwandiko wake ule ule usio na urembo: "Binti, safu hazikushuka na Musa mlimani. Nilikufundisha kisicho na safu kisiandikwe. Nilisahau kukufundisha kwamba kikija mara ya pili, chukua rula uchore. Kosa ni langu pia. Chora."

Nikachora. Safu ya sita, kati ya saa za mashine na maoni ya daktari, nikaiandika juu kwa wino mweusi: Mikono. Na daktari akatoa amri kwamba kuanzia siku hiyo mgonjwa anayeachishwa ahesabiwe saa zote mfululizo, za mashine, za mikono, na za kujaribu mwenyewe, kila moja mahali pake, na asihesabiwe ameachika mpaka apite siku nzima bila kurudi. Miaka mingi baadaye watu walikuja na miongozo yao kutufundisha jambo hilo hilo kwa projekta. Nilikaa mstari wa mbele, nikanywa soda yangu.

Sasa nimalizie, Neema, maana sababu niliyokuahidi iko hapa.

Wiki kadhaa baada ya mazishi, asubuhi, niliinua kichwa nikamwona Masanja mlangoni mwa masjala. Alikuwa amenyoa, amekonda, na chini ya kwapa ana lile kopo la samli limefungwa kwa kitambaa.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Pole sana na msiba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimeleta hesabu," alisema. "Ya mwenzangu. Tulisahau kuwaachia. Mama amesema haifai, hesabu ya mtu ikae hospitali, ijulikane hakuachwa."

Ningeweza kulipokea kopo, nikamshukuru, akaenda zake. Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Badala yake nikafungua rejesta nikamwonyesha mistari ya Kabula, ingawa hakujua kusoma. Nikamwambia, "Masanja, zile saa zenu za kubana, sikuziandika. Daktari aliporudi aliona za mashine tu. Alidhani mkeo anapumua mwenyewe muda wote ule. Ndiyo maana alimtoa."

Nje mtu alikuwa akichota maji, nikasikia ndoo nzima inajaa.

"Nilikuona na kitabu kila asubuhi," alisema. "Nilijua unaandika. Ndiyo maana sikusema."

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuambiwa neno zito kuliko hilo, wala lililosemwa taratibu zaidi. Nilimwambia anisamehe. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alifungua kitambaa akamimina punje zote juu ya meza yangu.

"Basi andika sasa."

Tukahesabu wawili. Yeye alizipanga tisa tisa, kwa sababu wakati wa kubana Tusajigwe alimwambia kwamba pumzi mia tisa ndizo saa moja, akalikumbuka. Mimi nilikuwa naweka alama. Zilikuwa punje mia tano na nne, saa hamsini na sita. Nikachukua rula, nikairefusha safu mpya ya mikono juu mpaka kwenye mistari ya Kabula, na kwa wino mwekundu, ili ionekane kwamba ni masahihisho na mwenye kosa asijifiche, nikaandika.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kuzirudisha punje kwenye kopo. Masanja akafungua ncha ya shuka lake, alikokuwa amefunga fundo dogo, akatoa punje moja peke yake akaiweka mbele yangu.

"Na hii?"

"Hii ni ya wapi?"

"Hii sikuitia. Ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimefika sitini na mbili, daktari akanishika."

Niliangalia kitabu. Safu zote sita zilikuwa za saa, tarehe, majina na namba. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kitu kile. Nikashika kalamu, na baada ya saa hamsini na sita nikaandika: na pumzi sitini na mbili.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea jina la mkewe, na tarehe, na saa hamsini na sita za mikono, na pumzi sitini na mbili. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaichukua ile punje, akaifunga tena katika ncha ya shuka, akaniachia kopo, akatoka kuwahi basi la Igawa.